Shati la Kazi Lifuliwe kwa Maji

Kama shati lako la kazi ni la pamba, au la pamba iliyochanganywa na poliesta, mahali pake ni kwenye beseni au mashine ya kufulia. Draiklina ibaki kwa suti. Hukumu hii itawashangaza wengi, maana mjini tumezoea kuzipanga nguo kwa ngazi za heshima: ya kushindia nyumbani unaifua mwenyewe, ya kutokea unampa dobi, na ya ofisini unaipeleka draiklina irudi ndani ya nailoni, imetundikwa kwenye henga. Ngazi hizo zinapima bei na mwonekano tu. Tukiuliza usafi, majibu yanabadilika. Mwongozo huu unaeleza kwa nini maji na sabuni hulisafisha shati la kazi kuliko dawa ya draiklina, ni kitu gani hasa unacholipia unapofurahia lile shati lililonyooka, na namna ya kukipata kwa gharama ndogo bila kulizeesha shati kabla ya wakati wake.

Dawa ya draiklina ilikusudiwa nguo gani

Mashine ya draiklina inafanana na mashine kubwa ya kufulia, ila badala ya maji inazizungusha nguo ndani ya kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Kilichotumika zaidi duniani kwa miongo mingi ni perkloroethilini, ambayo mafundi huifupisha kuwa perk. Haina rangi, ni nzito kuliko maji kiasi kwamba lita moja ina uzito wa kilo 1.6 hivi, na huchemka kwenye nyuzijoto 121 za Selsiasi. Nguo huogeshwa humo, dawa hukamuliwa kwa mzunguko wa kasi, mabaki hupeperushwa kwa hewa ya moto, kisha mvuke wake hupozwa na dawa hurudi kwenye tangi itumike tena. Kwa hiyo nguo inalowa chapachapa kama kwenye beseni. Kinachokosekana ni maji.

Kukosekana kwa maji ndiko kunakoiokoa sufi. Unywele wa kondoo una magamba madogo. Ukilowa maji ya moto na kusuguliwa, magamba hayo hung'ang'aniana, na nguo husinyaa isirudi tena. Koti la suti lina tabaka za ndani, bitana na pedi za mabega, na kila tabaka hupokea maji kwa namna yake, ndiyo maana koti lililofuliwa kwenye beseni hutoka limejikunja kifuani. Perk haiingii ndani ya uzi na kuuvimbisha, kwa hiyo umbo la koti linabaki. Pamba iko kinyume kabisa. Uzi wa pamba ukilowa maji huwa na nguvu kuliko ukiwa mkavu, na ndiyo sababu vizazi na vizazi vimezipiga nguo za pamba kwenye mawe ya mtoni na bado zikavaliwa. Hata hofu ya kusinyaa imepungua sana: tangu miaka ya 1930, alipojitokeza Mmarekani Sanford Cluett na mtambo wa kukisinyaza kitambaa kiwandani kabla ya kushonwa, shati zuri la pamba hufika dukani likiwa limekwishamaliza sehemu kubwa ya kusinyaa kwake. Ukilipeleka shati hilo kwenye perk, unalikinga na hatari ambayo halina.

Uchafu wa shati ni wa aina gani

Koti hukaa juu ya nguo nyingine. Shati linagusa ngozi kutwa nzima. Uchafu wake mwingi unatoka mwilini mwako. Jasho la kawaida ni maji kwa karibu asilimia 99, na kilichobaki ni chumvi na vitu vidogovidogo kama urea. Maji yakikauka, chumvi inabaki kwenye nyuzi: ndiyo ile michirizi myeupe inayoonekana mgongoni mwa shati jeusi la mtu aliyesimama ndani ya daladala au matatu iliyojaa mchana wa jua. Chumvi hiyo ikikutana na maji huyeyuka mara moja. Kwenye perk haiyeyuki. Kwapani kuna tezi nyingine zinazotoa jasho zito lenye mafuta na protini, ambalo bakteria hulila na kulitolea harufu. Kwenye kola kuna mafuta ya ngozi, vipande vya ngozi iliyokufa na vumbi la barabarani, vyote vikiwa vimeshikana kwenye mstari mmoja wa kahawia. Ongeza tone la chai ya maziwa au soda ya saa nne, navyo ni sukari na protini.

Pima sasa dawa hizi mbili mbele ya uchafu huo. Perk ni hodari wa mafuta, na kwa mafuta matupu huipita sabuni. Lakini chumvi, sukari na sehemu kubwa ya protini zinahitaji maji. Wenye draiklina wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana huongeza maji kidogo na sabuni maalumu ndani ya dawa yao, na fundi makini huyashughulikia madoa kwa mkono kabla ya kuingiza nguo mashinani. Sabuni ndani ya maji hufanya kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ncha moja ya chembe yake hushika mafuta na ncha nyingine hushika maji, kwa hiyo mafuta ya kola hung'olewa wakati uleule chumvi ya mgongoni inayeyuka. Kwa uchafu wa aina ya shati, beseni lenye maji ya uvuguvugu na sabuni ni chombo kamili zaidi kuliko mashine yenye dawa ya bei kubwa.

Madhara ya kuacha jasho kwenye shati hayaonekani siku hiyo. Shati hurudi likiwa jeupe, limenyooka, halinuki. Lakini chumvi na protini zilizosalia hukutana na moto wa pasi, wiki hii na wiki ijayo, na taratibu kwapa na kola vinaanza kuwa vya njano. Manukato ya kuzuia jasho yanaongeza tatizo, kwa sababu mengi yana chumvi za alumini ambazo huungana na jasho na kushika kwenye kitambaa. Mtu akiiona njano hiyo hudhani shati limechakaa. Mara nyingi ni jasho la miezi mingi lililopikwa kwa pasi bila kuondolewa kwanza.

Ushahidi mwingine unatoka kwa wenye kazi wenyewe. Huko Marekani na Uingereza, bei za draiklina nyingi huliweka shati la pamba kwenye mstari wake peke yake, mbali na suti na magauni, kwa sababu mashati hayo hufuliwa kwa maji na sabuni kisha hubanwa kwenye mashine ya pasi yakiwa bado na unyevu. Katika miji yetu pia, muulize mhudumu wa kaunta shati lako linapita kwenye dawa au kwenye maji, na usishangae akikujibu ni maji. Kinachompendeza mteja ni pasi. Maji yaliyomo ndani ya uzi wa pamba huulainisha, chuma cha moto huunyoosha, unyevu hutoka kwa mvuke, na uzi hukauka ukiwa umelala palepale ulipobanwa. Kola kali na kafu zisizo na kunyanzi zinatokana na unyevu na joto, navyo unaweza kuvipata nyumbani au kwa dobi wa mtaani.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni kwamba draiklina hurefusha maisha ya shati. Ina ukweli ndani yake: dawa haisugui, na kusuguliwa ndiko kunakokula kola. Lakini angalia shati lililochakaa limeanzia wapi. Kola hupasuka kwenye mkunjo, kafu huchanika ukingoni, vifungo huvunjika, kitambaa cha kwapani huwa kigumu na kukatika. Mkunjo wa kola huliwa na ndevu na shingo yako, na brashi ngumu humalizia. Vifungo huvunjwa na mashine za kubana. Kwapa huharibiwa na jasho lililoachwa pamoja na dawa kali za kung'arisha. Aliyeacha brashi ya viatu, akaacha kumwaga jiki ovyo, na akafua mapema, amekwishapata karibu faida yote ya dawa isiyosugua, na jasho limetoka.

Hoja ya pili husemwa kwa maneno mawili, rahisi ghali: dobi atachanganya nyeupe na nyekundu, mama fua ataunguza mfuko wa kifuani, na hasara itapita akiba. Hilo hutokea kweli. Lakini chanzo chake kwa kawaida ni kukabidhi furushi bila maelekezo, na hata draiklina hupoteza na kuharibu nguo. Piga hesabu mwenyewe. Mashati matano kwa wiki, kwa wiki 48 za kazi, ni mafuo 240 kwa mwaka. Chukua bei ya draiklina ya mtaa wako kwa shati moja, toa bei ya dobi, kisha zidisha kwa 240. Tarakimu utakayoipata ina uwezo wa kununua mashati kadhaa mapya kila mwaka, hata dobi akikuharibia moja.

Hoja ya tatu inahusu maji na muda. Mahali ambapo bomba hutoka kwa mgao, kumwambia mtu afue kila siku ni kumtania. Jibu ni kwamba shati linalofuliwa mapema linahitaji maji kidogo kuliko lililolimbikiziwa jasho la wiki nzima, na maji ya kusuuzia ya mwisho yanatosha kulowekea mashati yanayofuata au kusafishia choo. Kuhusu muda, gawa kazi: kufua kunavumilia mikono mingi, kupiga pasi kunataka ufundi. Fua nyumbani, peleka yapigwe pasi tu. Madobi na draiklina nyingi huikubali kazi hiyo kwa bei ndogo, na ndicho kile ulichokuwa ukikilipia tangu mwanzo.

Lipo pia suala la afya, na inafaa lipimwe bila kutishana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka perk mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu, na jimbo la California huko Marekani liliamua mwaka 2007 kuiondoa kwenye draiklina hatua kwa hatua hadi kuipiga marufuku mwaka 2023. Anayebeba hatari kubwa ni mfanyakazi anayevuta mvuke wake kutwa, si mteja mwenye koti moja kwa mwezi. Hata hivyo shati hukaa juu ya ngozi siku tano kati ya saba. Nguo ikirudi ina harufu kali ya dawa, maana yake haikukaushwa sawasawa: vua nailoni, itundike penye hewa mpaka harufu iishe, na ujiulize kama pale ni pa kurudi.

Namna ya kulifua

Anza na lebo iliyoshonwa ndani ya kola au ubavuni. Alama zake ni za kimataifa na hazihitaji kujua lugha ya mtengenezaji. Beseni lenye tarakimu 40 lina maana ya maji yasiyozidi nyuzijoto 40. Beseni lenye mkono, fua kwa mikono. Beseni lililokatwa msalaba, usitie maji. Pembetatu inahusu dawa za kung'arisha, na ikiwa imekatwa msalaba jiki isiguse. Pasi yenye nukta moja haipiti nyuzijoto 110, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Duara ni la draiklina, na herufi P ndani yake inaruhusu perk. Mashati mengi ya ofisini yana beseni la 40 na pasi ya nukta mbili au tatu, na hayo ni maelekezo ya kutosha ya kufulia nyumbani.

Usiku uleule unapolivua, hata kama hufui, litundike lipate hewa badala ya kulitupa kwenye tenga likiwa bichi kwa jasho. Siku ya kufua, tenga nyeupe, za rangi nyepesi na nyeusi, na shati jipya la kitenge au batiki lifue peke yake kwenye maji baridi mara za mwanzo mpaka lisichuje tena. Fungua vifungo vyote, kafu na kola pia, na kama kola ina vijiti vya plastiki vya kuishikilia, vitoe. Lowesha kola, kafu na kwapa, vipake sabuni ya mche moja kwa moja, viache dakika kumi, kisha fikicha kitambaa kwa kitambaa kwa vidole. Brashi ikilazimika, iwe laini. Loweka shati zima kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga iliyokwisha kuyeyuka, nusu saa inatosha, ufue na ukamue bila kulisokota kama kamba. Poliesta hung'ang'ania mafuta ya mwili na harufu kuliko pamba, kwa hiyo shati lenye poliesta nyingi lisicheleweshwe.

Madoa yana tabia zake. Damu, yai na maziwa vianze na maji baridi, kwa sababu joto huigandisha protini kwenye uzi. Wino wa kalamu hutolewa kwa spiriti ya hospitali, kwa kubonyeza na kitambaa safi kilichowekwa chini yake ili wino uhamie huko. Mafuta ya chipsi au ya pilau yapakwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kabla hujaligusa shati kwa maji. Manjano ya mchuzi ndiyo inayowatisha watu zaidi: ukiipaka sabuni, doa la njano hugeuka jekundu kama damu ya mzee. Usikimbilie jiki. Rangi ya manjano hubadilika inapokutana na sabuni, na ni rangi isiyovumilia jua. Suuza vizuri, kisha anika sehemu hiyo ielekee jua kali. Doa hufifia lenyewe, na ukirudia mara mbili tatu mara nyingi huisha kabisa.

Jiki yenyewe itumike kwa kiasi. Kwenye pamba nyeupe isiyo na lebo ya kukataza inang'arisha, lakini kila mara inaupunguza nguvu uzi, na kwenye njano ya kwapa haisaidii; mara nyingi huiongeza. Maji ya visima vyenye chuma nayo hutoa madoa ya kutu yakikutana na jiki. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa za choo, kwani hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kwa njano ya kwapa, loweka kwanza kwenye maji yenye siki nyeupe kidogo, suuza, kisha tumia dawa ya kung'arisha ya oksijeni, ile ya unga isiyo na klorini, kwenye maji ya moto wa kadiri kwa saa kadhaa. Na kama nyeupe zako zinageuka kijivu ingawa hutumii dawa kali, chunguza maji. Maji magumu ya visima hukutana na sabuni ya mche na kutengeneza utando unaoshika kwenye kitambaa. Sabuni ya unga hustahimili maji hayo vizuri zaidi, na maji ya mvua ndiyo bora kwa kusuuzia.

Suuza mpaka maji yatoke safi, angalau mara mbili, maana sabuni iliyobaki huungua na kuacha njano chini ya pasi kama linavyofanya jasho. Anika kwenye henga, ndani nje, kivulini penye upepo. Nyeupe tupu zinaweza kukaa juani. Wakati wa masika, hasa pwani, shati linalochukua siku mbili kukauka hupata harufu ya uvundo, kwa hiyo fua machache kwa mara moja na yaachanishe kwenye kamba. Ukiyaanua, usiruke pasi hata kwa nguo za ndani. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na mabuu yake huingia kwenye ngozi na kutokeza jipu lenye kitundu. Pasi ya moto iliyopita kila mahali, mishono na mikunjo ikiwemo, inayaua mayai hayo.

Sasa pasi, ambayo ndiyo siri nzima. Anua shati likiwa bado na unyevunyevu, au lirashie maji, ulikunje na kuliacha robo saa unyevu usambae. Anza na kola upande wa chini, kutoka ncha kwenda katikati ili kunyanzi zisijikusanye pembeni, kisha upande wa juu. Fuata kafu, mikono, mabega, na mwisho mbele na mgongo. Kola nyingi zina kitambaa kigumu kilichobandikwa ndani kwa gundi. Pasi ikizidi joto gundi huachia, na kola huota mapovu yasiyotoka tena. Anayetumia pasi ya mkaa aipitishe kwanza kwenye jani bichi la mgomba au kitambaa chenye unyevu, aondoe masizi na aangalie joto, kisha ndipo aliguse shati jeupe. Anayependa kola kali akoroge kijiko cha unga wa muhogo kwenye maji baridi, amimine lita moja ya maji yanayochemka huku akikoroga, achuje, na achovye kola na kafu tu. Wanga mwingi hukatisha uzi kwenye mikunjo na huita mende kabatini.

Ukimkabidhi dobi au mama fua, mpe maneno manne yaliyo wazi: nyeupe peke yake, jiki hapana, kola kwa mkono, pasi likiwa na unyevu. Hesabu mashati mkiwa pamoja, mwonyeshe doa na mtajie limetokana na nini, na tia alama ndogo kwa uzi ndani ya kola. Kazi ikiwa nzuri, mrudie yuleyule na umlipe kwa wakati. Dobi anayemjua mteja wake hulijua na shati lake.

Siku ya kwenda draiklina

Yapo mashati yanayostahili safari hiyo. Shati la hariri, la sufi, lenye bitana au lenye shanga na nakshi za kushonea, na lolote ambalo lebo yake imelikata beseni msalaba, lipeleke bila kusita. Viskosi, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake ikilowa, inataka angalau mkono mwepesi na maji baridi. Doa kubwa la grisi, la lami au la rangi ya mafuta, lililogoma baada ya sabuni, hapo perk ina haki yake hata kwenye pamba. Lifikishe kabla halijapigwa pasi, na mweleze fundi ni doa la nini. Suti, koti na tai ni za huko daima, nazo hazihitaji kwenda kila wiki.

Kwa hiyo kabla hujafunga furushi la wiki hii, geuza lebo ya kila shati na uisome. Lenye beseni lisilokatwa, lifue kwa maji na ulipie pasi nzuri kama huna muda wa kupiga mwenyewe. Fedha ya draiklina iweke akiba kwa ajili ya koti.